Kichaa cha Ng'ombe na Homa Iliyoua Dodoma

Kichaa cha ng'ombe kilitambuliwa Uingereza mwaka 1986, ng'ombe walipokuwa wakilishwa unga wa nyama na mifupa ya wanyama. Mwaka 1996 ikabainika kuwa hata binadamu huambukizwa kwa kula nyama ya ng'ombe hao. Chanzo chake ni protini iliyoharibika, nayo haidhuriki kwa kuchemshwa. Ng'ombe wa Buigiri, mkoani Dodoma, hula nyasi na mabua ya mtama, kwa hiyo hofu ya kichaa hicho hapa naiona imekosea njia. Kilichoua Dodoma mwaka 2007 ni Homa ya Bonde la Ufa: nchini walikufa zaidi ya watu 140, na mkoa huu ndio ulioumia kuliko yote.

Mvua kubwa huangua mayai ya mbu yenye kirusi cha homa hiyo, yaliyokaa ardhini miaka mingi; mbu huwauma ng'ombe, nao huanza kutupa mimba. Wapo wasemao nyama ikiiva haina neno. Ni kweli, moto huua kirusi hiki. Lakini mchinjaji hushika damu kabla sufuria haijainjikwa, na maziwa mabichi nayo hunywewa. Ukiona mimba zinatupwa zizini baada ya mafuriko, usishike chochote kwa mikono mitupu wala usichinje. Mwite kwanza ofisa mifugo.