Uyoga na panya: nani wa kuhurumiwa?

Muulize mtoto wa darasa la nne uyoga ni nini, atakujibu ni mmea. Unaota, hautembei, na mama anaupika kama mboga. Asichekwe. Hata Carl Linnaeus, bingwa wa kuainisha viumbe, aliuweka pamoja na mimea mwaka 1753. Leo inajulikana kuwa uyoga uko katika himaya yake, ya kuvu. Haujitengenezei chakula kwa jua kama mchicha, na kwa asili uko karibu zaidi na wanyama, panya akiwemo.

Tuchukue panya buku, yule mkubwa anayejaza mbegu mashavuni. Ni mnyama, ni mamalia, yumo katika kundi la wagugunaji wenye meno ya mbele yasiyokoma kukua. Ukoo wake si ule wa panya wa darini, ingawa wengi hawawatofautishi. Magawa, panya buku aliyezaliwa Tanzania na kufundishwa Morogoro, alinusa zaidi ya mabomu na vilipuzi 100 huko Kambodia, akatunukiwa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020. Pamoja na sifa zote hizo, spishi yake haina shida: katika Orodha Nyekundu ya viumbe walio hatarini, imewekwa daraja la wasiwasi mdogo.

Mwenye shida ni uyoga mmoja mweupe wa milima ya Madonie, kisiwani Sisilia, Italia. Kitaalamu unaitwa Pleurotus nebrodensis, na ni wa jenasi moja na uyoga mamama tunaoununua sokoni. Orodha hiyo hiyo imeuweka daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini. Ilikadiriwa kwamba haifiki 250 inayokomaa kwa mwaka.

Kosa lake ni utamu. Kilo moja imewahi kuuzwa euro 50 hadi 70, kwa hiyo wachumaji hawasubiri. Wanaung'oa ungali mchanga, kabla haujamwaga vijimbegu vyake, na uyoga usiomwaga vijimbegu hauachi mtoto nyuma. Panya buku, aliyezoea kufukuzwa kwa fimbo, huzaa shimoni bila kuonekana na mtu.

Cha kutia moyo ni kwamba uyoga huo wa Sisilia nao hukubali kuoteshwa bandani, kama mamama kwenye mifuko ya majani makavu.