Maandalizi ya kazi ya ushauri elekezi

Maandalizi ya kazi ya ushauri elekezi ni masomo, mazoezi na uzoefu ambao mwanafunzi wa shahada ya kwanza hujikusanyia akiwa bado chuoni, ili aweze kuajiriwa na kampuni ya washauri au kuifanya kazi hiyo mwenyewe baadaye. Mshauri mwelekezi ni mtaalamu anayelipwa na taasisi ambayo si mwajiri wake ili achunguze tatizo fulani la taasisi hiyo na kupendekeza namna ya kulitatua.

Tofauti na udaktari au uhandisi, kazi hii haina shahada yake maalumu. Huingia humo wahitimu wa uchumi, uhasibu, takwimu, uhandisi, sheria, sosholojia na hata historia. Ndiyo maana cheti peke yake hakimtofautishi mwombaji mmoja na mwingine, na yale aliyoyafanya nje ya darasa hupata uzito mkubwa.

Historia

Kampuni ya Arthur D. Little, iliyoanzishwa mjini Boston, Marekani mwaka 1886, huhesabiwa kuwa miongoni mwa kampuni za kwanza za ushauri duniani. Mhandisi Frederick Winslow Taylor alipima kazi za viwandani kwa saa, akatoa kitabu chake kuhusu uongozi wa kisayansi mwaka 1911. Mwaka 1926 James O. McKinsey, profesa wa uhasibu katika Chuo Kikuu cha Chicago, alianzisha McKinsey & Company. Baadaye zilifuata Boston Consulting Group (1963) na Bain & Company (1973). Kampuni hizo ndizo zilizoeneza desturi ya kuajiri vijana moja kwa moja kutoka vyuoni na kuwafunza kazini.

Katika Afrika ya Mashariki, kampuni kubwa za ukaguzi wa hesabu, yaani Deloitte, PwC, EY na KPMG, zina ofisi Nairobi na Dar es Salaam, na zina vitengo vya ushauri. Taasisi ya ESAMI yenye makao makuu Arusha hutoa mafunzo na ushauri wa menejimenti kwa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Vyuo vikuu navyo hufanya ushauri kupitia ofisi na wahadhiri wao.

Kazi yenyewe ilivyo

Mwanafunzi anayejiandaa anapaswa kwanza kujua kwamba kuna njia mbili zinazotofautiana.

Njia ya kwanza ni kuajiriwa na kampuni. Kijana huanza ngazi ya chini: hukusanya takwimu, hujenga majedwali ya hesabu, hufanya mahojiano na huandaa slaidi. Muda wa kazi ni mrefu na safari ni nyingi.

Njia ya pili ni ya mshauri binafsi au kampuni ndogo. Hapa wateja wakuu ni serikali, mashirika ya kimataifa na asasi za kiraia. Mteja hutangaza hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi inayotakiwa, muda wake na sifa za mshauri. Anayeomba huandika andiko linaloeleza atakavyoifanya kazi, pamoja na bei. Kazi nyingi za aina hii ni tathmini za miradi, utafiti wa masoko na uandaaji wa mipango mkakati. Mara nyingi hadidu za rejea hudai shahada ya uzamili na miaka kadhaa ya uzoefu, hivyo mhitimu mpya huanza kama msaidizi.

Masomo na stadi

Matokeo ya mitihani ndiyo kichujio cha kwanza. Katika vyuo vikuu vya Tanzania, daraja la kwanza huanzia wastani wa alama 4.4 kati ya 5, na daraja la pili la juu huanzia 3.5. Kampuni kubwa hupokea maombi mengi kuliko nafasi, na mwenye wastani mdogo anaweza kuachwa kabla hajaonwa. Aliyeharibu mwaka wa kwanza hujitetea vizuri zaidi kwa matokeo yanayopanda kuliko kwa maelezo.

Stadi zinazohitajika zaidi ni tatu. Ya kwanza ni hesabu: asilimia, uwiano, wastani na kusoma taarifa za fedha. Ya pili ni programu za kompyuta, hasa Excel. Anayeelekea kwenye utafiti huongeza SPSS, Stata au KoboToolbox. Ya tatu ni uandishi. Barbara Minto, aliyekuwa mshauri wa McKinsey & Company, alieneza kanuni ya piramidi: jibu hutangulia, kisha sababu zake, kisha ushahidi wa kila sababu. Mpangilio huu ni kinyume cha insha nyingi za shuleni, ambazo huweka hitimisho mwishoni.

Uzoefu

Mafunzo kwa vitendo ni fursa ambayo wanafunzi wengi huipoteza kwa kukaa ofisini wakipiga chapa na kutoa nakala. Anayejiandaa huomba apewe swali moja la kujibu, kwa mfano kwa nini bidhaa huchelewa kutoka ghalani, na huacha ripoti fupi yenye takwimu.

Kazi ya mdadisi katika utafiti wa kaya humfundisha mwanafunzi jinsi takwimu zinavyopatikana na zinavyoweza kupotoshwa. Kuwa mhazini wa chama cha wanafunzi, au kumsaidia mwenye duka kutunza daftari la mauzo, ni uzoefu halali iwapo mwanafunzi anaweza kusema hali ilikuwaje kabla na ikawaje baadaye. Kwa asiye na jamaa katika kampuni kubwa, hizi ndizo njia zilizo wazi.

Usaili wa kisa

Kampuni nyingi humpima mwombaji kwa kumpa kisa cha biashara akitatue papo hapo. Kwa mfano: “Dar es Salaam ina vinyozi wangapi?” Anayesaili hasubiri idadi kamili, anataka kuona hatua.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi zaidi ya milioni 5.3. Tuchukue kwamba nusu, takribani milioni 2.7, ni wanaume na wavulana, na kila mmoja hunyolewa mara moja kwa wiki mbili. Hiyo ni mara milioni 1.35 kwa wiki, au 225,000 kwa siku katika siku 6 za kazi. Tukikadiria kwamba theluthi hunyolewa nyumbani, zinabaki 150,000. Kinyozi akihudumia watu 15 kwa siku, jibu ni vinyozi 10,000 hivi. Mwombaji mzuri hutaja kila kadirio wazi, kisha husema lipi lina shaka zaidi.

Visa vingine huhusu faida. Kampuni ya mabasi ikipata hasara, tatizo liko katika mapato au gharama. Mapato ni idadi ya abiria mara nauli; gharama ni mafuta, vipuri, mishahara na kodi. Mafungu yasiingiliane, wala lisiachwe pengo. Mazoezi hufanywa na wenzake wawili watatu, mmoja akiuliza na mwingine akijibu kwa sauti.

Maadili

Mshauri huuza imani. Kampuni ya Arthur Andersen, iliyokuwa mkaguzi na wakati huohuo mshauri wa kampuni ya nishati ya Enron, iliporomoka mwaka 2002 baada ya kashfa ya mteja wake. Mwaka 2018 McKinsey & Company ilirudisha karibu randi bilioni 1 kwa shirika la umeme la Afrika Kusini, Eskom, baada ya mkataba wake kuzusha kashfa.

Kwa mwanafunzi, jambo hili huanzia chuoni. Anayenunua tasnifu iliyoandikwa na mwingine, au anayejaza madodoso chini ya mwembe bila kufika kwenye kaya, huenda akapata alama au posho. Lakini hajifunzi kazi, na ripoti inayotokana na takwimu hizo inaweza kupeleka kisima au zahanati mahali pasipohitajika.