Kuhesabika kwa Nomino katika Kiswahili na Matumizi ya Vibainishi vya Kiingereza: Mifano kutoka Moshi

Inaelezwa mara nyingi kwamba mwanafunzi wa Kitanzania hukosea vibainishi ‘a’, ‘an’ na ‘the’ kwa kuwa Kiswahili hakina vibainishi vya aina hiyo. Maelezo hayo yanafafanua kwa nini hukiacha kibainishi kinapohitajika. Hayafafanui kwa nini hukiweka kisipohitajika, kama katika *a bread na *an information, wala kwa nini huandika *equipments. Makala hii inadai kwamba makosa ya kundi hili la pili yana chanzo kingine: lugha hizi mbili hazihesabu vitu vilevile.

Kiswahili hutofautisha nomino zinazohesabika na zisizohesabika kwa ngeli na upatanisho wa kisarufi. Kahawa, zao kuu la biashara la miteremko ya Kilimanjaro, ni mfano mzuri. Mti wake ni mbuni, wingi mibuni. Kiambishi chenyewe hudhihirisha kuwa unahesabika. Nomino ‘kahawa’ haibadiliki umbo, hivyo maana yake huamuliwa na maneno yanayoandamana nayo. Katika ‘kahawa imepanda bei’, kauli ya kawaida mnadani Moshi, ni zao lisilohesabika. Katika ‘kahawa mbili’, kauli ya mteja mgahawani, ni vikombe viwili. Katika ‘kahawa za Kilimanjaro na Kagera hutofautiana’, ni aina. Kiingereza nacho kina maana hizo tatu, lakini humlazimu msemaji azioneshe kwenye kirai nomino: ‘coffee’ bila kibainishi, ‘a coffee’ kwa kikombe kimoja, ‘coffees’ kwa vikombe au aina. Vivyo hivyo, mbege, pombe ya ndizi na ulezi, haihesabiwi. Kinachohesabiwa ni kata. Kwa hiyo dhana ya kutohesabika si ngeni kwa mwanafunzi.

Tatizo hujitokeza pale ambapo lugha hizi zinatofautiana. Mkate huwa mikate, mzigo huwa mizigo, kifaa huwa vifaa, na mtu huweza kuleta habari mbili. Kwa Kiingereza, ‘bread’, ‘luggage’, ‘equipment’ na ‘information’ hazihesabiki. Mwanafunzi anayeandika *a bread hajapuuza kanuni. Ameitumia ipasavyo kwa nomino ambayo lugha yake huihesabu.

Kuhusu ‘the’, hali ni tofauti, kwani kibainishi hiki hutumika kwa nomino za aina zote mbili. Kiswahili hudokeza umahususi kwa vioneshi na kwa kiambishi cha yambwa: ‘nimenunua kahawa’ haimaanishi sawa na ‘nimeinunua kahawa’, ambayo kwa kawaida hurejelea kahawa inayojulikana na wazungumzaji.

Suala hili lina uzito kwa kuwa Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia na ya mitihani katika sekondari za Tanzania, ilhali wanafunzi wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Kanuni ya jumla kwamba nomino isiyohesabika haichukui ‘a’ haiwasaidii, kwa sababu haiwaambii ni nomino zipi Kiingereza hakizihesabu. Kinachofaa zaidi ni kuanza na ngeli wanazozijua, kuorodhesha nomino ambazo lugha hizi zinahitilafiana, kisha kuwazoeza maswali mawili kwa mfuatano: je, Kiingereza huihesabu nomino hii? Je, msikilizaji anakijua kinachorejelewa?