Uji Ndani ya Kitumbua

Mtu akiambiwa hospitalini kwamba ana ugonjwa wa seliaki na asile tena ngano, huona kama nusu ya jiko imefungwa: chapati, maandazi, sambusa, kalimati, tambi. Wengi hukimbilia paketi za unga maalumu kutoka ng'ambo, tena kwa bei ya kuumiza. Mimi huwaambia waanze na vitumbua.

Kinachomdhuru mgonjwa huyu ni gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Ikifika tumboni mwake, kinga ya mwili huishambulia, na katika mashambulizi hayo ukuta wa utumbo mdogo huharibika. Anakula lakini mwili haufaidi. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alikwisha kuishuku ngano tangu miaka ya 1930. Tasnifu yake ya mwaka 1950 ndiyo iliyoweka msingi wa tiba inayofuatwa hadi leo, yaani kuiacha gluteni kabisa.

Jikoni, gluteni hiyohiyo ina kazi kubwa. Ngano ikikandwa, hujenga utando unaovutika na kuibana hewa ya hamira isitoke, ndipo andazi likaumuka. Mchele hauna utando huo. Basi kitumbua huumukaje? Wapishi wa pwani walilimaliza suala hili zamani kwa kutia uji kwenye rojo.

Loweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha. Asubuhi uchuje, kisha usage kwa blenda pamoja na kikombe kimoja na robo cha tui zito hadi rojo iwe laini kabisa. Ukikatiza kusaga mapema, kitumbua kitakuwa na chengachenga mdomoni. Chota robo kikombe ya rojo, changanya na nusu kikombe cha maji, upike huku ukikoroga mpaka upate uji mzito. Wanga wa mchele ukipata moto na maji hufura na kunata, na mnato huo ndio utakaoshika viputo vya hewa badala ya gluteni. Acha uji upoe hadi uwe vuguvugu, maana joto kali huua hamira. Urudishe kwenye rojo, utie sukari nusu kikombe au zaidi kidogo, hamira ya chembe kijiko kimoja cha chai, na iliki iliyotwangwa wakati huohuo, si ile iliyokaa kabatini mwaka mzima. Funika takriban saa moja, hadi rojo ipande na kujaa viputo.

Hapo usiikoroge tena kwa nguvu. Pasha chuma cha vitumbua, tia mafuta kidogo kila shimo, mimina rojo, uache moto wa wastani. Kingo zikishikana na juu kukifanya matundu, geuza. Rojo hiyohiyo ukiiongezea ute wa yai moja na kuipika kwenye sufuria yenye moto chini na juu, unapata mkate wa kumimina.

Vya kununua vina hatari yake. Wauzaji wengi huchanganya ngano kidogo ili vitumbua vishikane. Mashine ya mtaani iliyotoka kusaga ngano huacha masalio yake kwenye unga wako wa mahindi au mtama. Baadhi ya unga wa uji wa lishe una ngano au shayiri. Hata bajia za dengu, ambazo zenyewe ni salama, huharibika zikikaangwa kwenye mafuta ya maandazi. Kwa mgonjwa wa seliaki, hicho "kidogo" kinatosha kuudhuru utumbo.

Anayejishuku tu asiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili wa mgonjwa hutengeneza anapokula gluteni. Aliyekwisha kuiacha kwa miezi anaweza kuambiwa hana ugonjwa, kumbe anao.