Popuri ya maua ya lupango

Mwaka jana nilitengeneza popuri yangu ya kwanza, na niliitupa yote kwenye shimo la takataka. Nitaeleza sababu.

Popuri ni maua na majani makavu yenye harufu, yanayowekwa katika bakuli saloni au katika kifuko kati ya nguo. Jina ni la Kifaransa na maana yake ni chungu kilichooza, kwa kuwa zamani walipanga maua na chumvi katika chungu, wakayaacha yachache. Wenzetu wa pwani, Zanzibar na Mombasa, wana kikuba: asumini, rehani na langilangi vinafungwa pamoja, mwanamke anajibandika kifuani siku ya arusi. Kikuba kinanyauka kesho yake. Popuri inakaa miezi.

Basi mimi nilichuma rozi mwezi wa nane, nikazitandaza kwenye lungo juu ya malata ya jiko, jua kali, nikajiona fundi. Nyumba yetu haiko mbali na barabara ya malori ya madini. Baada ya juma moja maua yalikuwa yamekauka lakini yamepauka kama karatasi ya zamani. Hilo ningelivumilia. Nilipomimina maua katika kifuko cha kitenge, kwenye lungo ukabaki unga mwekundu, mwembamba. Wakati ninautazama, kitinda mimba wangu alikwisha kutia pua ndani ya kifuko na kuvuta kwa nguvu.

Vumbi la Kolwezi si la kuchezea. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha walichokuta mtaani Kasulo, pale watu walipochimba kobalti hata ndani ya malupango yao: kobalti nyingi katika vumbi la nyumba na katika mkojo, na watoto walikuwa nayo kuliko wakubwa. Mimi siishi Kasulo, lakini upepo hauulizi mtaa. Kifuko kile nilikuwa ninataka kukiweka chini ya mto wa mtoto.

Mwaka huu nilibadilisha majira. Maua nilichuma mwisho wa mwezi wa nne, mvua za mwisho zikiwa bado zinayaosha, asubuhi umande ulipokwisha kukauka. Hata hivyo niliyachovya katika beseni la maji safi na kuyakung'uta. Ukiona maji yamekuwa mekundu, badilisha, chovya tena. Kisha nikayatandaza ndani, chumbani, juu ya shuka safi, chandarua juu yake, dirisha la upande wa barabara limefungwa. Kivulini rangi inabaki. Mwezi wa tano hewa yetu ni kavu, kwa hiyo majuma mawili yanatosha, rozi nene tatu. Ukibana ua likavunjika kama bisikoti, limeiva. Likipinda, ngoja, kwani moja bichi litaozesha kifuko kizima.

Rozi ndiyo mama wa popuri. Bugenvilia haina harufu lakini rangi yake haichoki. Sitroneli, ile ya chai, ikatwe vipande vidogo. Kalitusi majani machache tu, la sivyo nyumba itanuka kama dawa ya kifua. Frangipani, ingawa ninaipenda, inakauka ikiwa nyeusi na mbaya. Lorie-rozi usiiguse kabisa: ni sumu hata ikiwa kavu. Wala tusipande vilima kuchuma maua ya shaba, yale wataalamu wanayoita Haumaniastrum katangense. Ni ya ukoo wa rehani, lakini yanaota kwenye udongo wenye shaba, ndiyo maana watafutaji wa madini waliyafuata.

Kwa bakuli moja lililojaa maua weka kijiko kikubwa cha karafuu zilizopondwa, kipande cha mdalasini, maganda ya chungwa yaliyokaushwa karibu na mbabula, na vijiko viwili vya chumvi ya mabonge. Karafuu ndiyo inayoshika harufu isikimbie, usiibanie. Funga vyote katika chupa ya mayonezi yenye kifuniko, weka kabatini majuma matatu, uitikise kila siku mbili. Ukifungua mapema utanusa karafuu peke yake na utasema mwalimu alidanganya.

Mabakuli ya wazi, hapa kwetu, sishauri. Vumbi litarudi humo humo. Omba fundi wa kushona mabaki ya kitenge, shona vifuko vya ukubwa wa kiganja, viweke kati ya mashuka. Harufu ikipungua, kisugue kidogo kati ya mikono. Changu cha mwezi wa sita bado kinanukia, na mtoto amekidai kwa mto wake. Safari hii nimempa.