Kompyuta ndogo ya michezo: Mtaji wa dola 800 utarudi vipi?

KATIKA biashara ya kutengeneza michezo ya kompyuta, bei ya mashine imeshuka kuliko wengi wanavyodhani. Kilichobaki ghali ni muda na soko. Mwekezaji mdogo anayetaka kuingia katika biashara hii, au anayeombwa mtaji na kijana wa nyumbani mwenye kipaji, anashauriwa kupima yote matatu kabla ya kutoa fedha.

Mfano mzuri wa mashine ni Steam Deck, kompyuta ya kushika mkononi ambayo kampuni ya Valve ya Marekani iliiingiza sokoni Februari 2022 kwa bei ya kuanzia dola 399. Novemba 2023 lilifuata toleo lenye skrini ya OLED, lililoanzia dola 549.

Ingawa huuzwa kama chombo cha kuchezea, ndani yake ni kompyuta kamili. Ina prosesa ya AMD, kumbukumbu ya GB 16 na mfumo wa Linux. Ikiunganishwa na skrini, kibodi na mausi kupitia tundu lake la USB-C, inafanya kazi kama kompyuta ya mezani. Chaja yake ni ya wati 45 tu, na umeme ukikatika kazi inaendelea kwa betri.

Programu nazo zipo za bure. Godot, ya kutengenezea michezo, haidai ada wala mrabaha. Blender, ya kuchorea maumbo, ni bure pia. Michezo ya Dome Keeper na Brotato, iliyoanza kuuzwa mwaka 2022, ilitengenezwa kwa Godot.

Suala la mrabaha si dogo. Septemba 2023 kampuni ya Unity ilitangaza kuwatoza watengenezaji kila mchezo unapowekwa kwenye mashine ya mteja. Malalamiko yalikuwa makubwa, na mwaka mmoja baadaye ada hiyo ilifutwa. Mfanyabiashara aliyejenga bidhaa yake juu ya mali ya mwingine aliona jinsi masharti yanavyoweza kubadilika akiwa katikati ya safari.

Hata hivyo, mashine hii ina mipaka. Kumbukumbu yake hugawanywa kati ya prosesa na sehemu ya picha, hivyo haifai kwa michezo mikubwa yenye picha nzito. Inafaa kwa michezo midogo, na hiyo ndiyo ambayo mtu mmoja anaweza kuimaliza.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tuchukue mashine kwa bei ile ya dola 549, na tukadirie vifaa vya kuunganisha, vilivyotumika, kuwa dola 150. Duka la Steam linatoza dola 100 kwa kila mchezo unaowekwa. Jumla ni dola 799. Ada hiyo hurejeshwa mauzo yakipita dola 1,000, lakini kwa tahadhari hatuitoi katika hesabu.

Mchezo ukiuzwa dola 5, Steam huchukua 30% na muuzaji hubaki na dola 3.50. Hivyo zinahitajika nakala 229 ili mtaji urudi. Lakini Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo fungu la muuzaji linalotokana na wanunuzi wa Marekani hukatwa 30% nyingine. Kama wanunuzi wote wangekuwa wa huko, angebaki na dola 2.45, na nakala zingefika 327. Aidha, mnunuzi anaruhusiwa kurudisha mchezo ndani ya siku 14 kama hajaucheza zaidi ya saa mbili, jambo linaloumiza michezo mifupi.

Bado hatujahesabu jasho. Kijana ambaye angepata dola 150 kwa mwezi katika kazi nyingine, akitumia miezi sita kutengeneza mchezo, ameweka dola 900 zake humo. Hizo ni nyingi kuliko mashine, vifaa na ada vikijumlishwa. Hata bila kodi ya Marekani, nakala zinazohitajika zinapanda hadi 486.

Kwa hiyo anayetoa mtaji asiulize kwanza mashine ipi inunuliwe. Aulize mchezo utamalizika kwa miezi mingapi, na nani atajua kwamba upo. Steam huruhusu ukurasa wa mchezo kufunguliwa kabla ya mauzo, na wateja wakauweka kwenye orodha ya wanavyotaka kununua. Orodha hiyo ikibaki tupu miezi ikipita, ni heri kusimamisha kazi mapema. Mashine inaweza kuuzwa tena, lakini miezi sita iliyopotea haina mnunuzi.