Kaida za Jarida la Muziki na Ngoma za Ngara na Biharamulo

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili namna jarida dogo la muziki, lisilotegemea kampuni kubwa za uchapishaji wala za kurekodi, linavyoweza kusanifiwa kwa ajili ya wasomaji wa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Hoja yetu ni kwamba kaida za utanzu huu si mapambo matupu. Kila kaida imebeba dhana kuhusu muziki ni nini na mwenyewe ni nani. Msanifu hana budi kuitambua dhana hiyo kabla ya kuamua kuifuata kaida au kuivunja.

2.0 Kaida na Chimbuko Lake

Jarida la muziki hutambulika kwa jina lake kubwa juu ya jalada, sura ya msanii mmoja anayemtazama msomaji, mahojiano, uhakiki wa rekodi na orodha ya nyimbo zinazoongoza. Orodha hiyo ina historia yake: mwaka 1952 gazeti la New Musical Express la London lilianza kuzipanga nyimbo kwa kufuata mauzo ya rekodi. Hivyo, ubora ulipimwa dukani.

Majarida huru yalizipinga kaida hizi kwa njia mbalimbali. Sniffin' Glue, lililoanzishwa London mwaka 1976, lilitengenezwa kwa taipureta, kalamu nene na fotokopi. Ufinyu wa nyenzo ukawa ndio mtindo. Nchini Marekani, David Carson, msanifu wa Ray Gun lililoanza mwaka 1992, aliyachapa mahojiano ya mwanamuziki Bryan Ferry kwa alama zisizosomeka. Mzaha huo ulieleweka kwa kuwa wasomaji wake walikuwa na majarida mengine ya kusoma. Mahali ambapo nakala moja hupita mikononi mwa watu wengi, uvunjaji wa aina hiyo humnyima msomaji asichoweza kukipata kwingine.

3.0 Muziki Usioingia Katika Kaida

Katika Kiswahili, neno ngoma hutaja ala, mchezo na hata shughuli yenyewe. Katika Kirundi, lugha iliyo jamaa ya karibu ya Kihangaza cha Ngara, neno ingoma hutaja ala na pia utawala. Jarida la kawaida hukitenganisha kitu hiki kimoja katika kurasa za muziki, za uchezaji na za matukio. Aidha, ngoma ni mali ya kikundi, wala haimhitaji nyota mmoja.

Biharamulo wapo pia Wasukuma, ambao mapokeo yao ya mashindano yanajulikana: Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja, na upande unaovuta watu wengi zaidi ndio mshindi. Hapa kipimo ni umati uliosimama uwanjani.

4.0 Mapendekezo ya Usanifu

Kwanza, jina kubwa la jarida libaki, kwani ndilo linalomwambia msomaji ameshika kitu gani. Pili, sura moja ya jalada iachie nafasi kikundi kizima, na kila mpigaji atajwe kwa jina. Mara nyingi wapiga ngoma wa vijijini huonekana magazetini nyuma ya mgeni rasmi, majina yao yakiwa hayamo. Tatu, orodha ya mauzo igeuzwe kuwa taarifa ya mashindano: nani alishindana na nani, wapi, na umati ulielekea upande gani. Nne, nyimbo za kuitikiana zipangwe katika safu mbili, kiongozi kushoto na waitikiaji kulia, katika lugha yao ya asili, na tafsiri ya Kiswahili chini yake.

Tano, ukurasa wa barua uige kaida ambayo wasikilizaji wanaijua tayari, yaani salamu za redioni. Redio Kwizera ilianzishwa Ngara mwaka 1995, baada ya wakimbizi wengi kutoka Rwanda kuingia wilayani humo mwaka 1994. Msomaji aliyezoea kusikia jina lake likitajwa redioni hatashangaa kuliona limechapwa.

5.0 Hitimisho

Kwa muhtasari, kaida inayomsaidia msomaji kulitambua jarida ihifadhiwe; ile inayomfuta mwenye ngoma ivunjwe. Jarida lisilozingatia tofauti hiyo laweza kuwa na sura mpya kabisa, na bado likawaacha wapigaji bila majina.